Seva chumbani, Luku haikohoi!

UKIPITA Kariakoo kwenye maduka ya kompyuta za mtumba utaziona zimepangwa kama mikate: laptopu nyeusi za ofisi, nyingine bado zina stika ya kampuni zilikotoka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na hiyo Windows 11 yao inazikataa kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2018 hivi. Basi wenye maofisi wanazitazama mashine zao wanasema vimeo, vitoke.

Mimi nakwambia baadhi ya vimeo hivyo ni mali. Usifikirie habari za kuchapa barua, hapa naongelea seva ya nyumbani.

Usitishwe na jina. Seva ni kompyuta kama zile nyingine, ila yenyewe haikai mezani kuandikiwa. Inakaa pembeni, inawaka saa 24, kazi yake kuwatunzia wenzake vitu na kuwapakulia wakiomba. Kama mama ntilie na sufuria yake, ukija na sahani saa yoyote unapata. Simu zote za ndani ya nyumba zinaifikia kwa kupitia rauta, na humo ndani hakuna bando linalokatwa hata senti.

Sasa kwa nini mtu wa kupanga chumba ajisumbue na mambo ya mabenki? Ngoja nikupe mkasa wa nyumbani kwetu.

Tunapanga nyumba moja ya uani, vyumba tisa, na chumba cha pili anakaa dada mmoja fundi cherehani. Mwaka jana alikwapuliwa simu dirishani kwenye daladala. Ndani ya simu ile kulikuwa na vipimo vya wateja wa miaka minne, picha za mishono, na kitu kilichomfanya alie wiki nzima: picha na video za marehemu mama yake, zikiwemo za siku za mwisho alipokuwa anaumwa. Simu alinunua nyingine. Sauti ya mama yake hauziwi popote.

Najua kuna msomaji anasema, si angeweka kwenye mtandao? Sawa. Google wanatoa nafasi ya bure GB 15, lakini humo zinakaa barua pepe na picha vyote pamoja, na video za harusi mbili tatu zinaijaza. Halafu kupandisha video hizo kwa bando la kupimiwa ni kuchoma pesa. Mshona nguo anayesubiri mteja wa elfu kumi hawezi mchezo huo.

Basi kijana wa chumba cha mwisho, mtu wa roho safi, akajitolea. Ofisini kwao walikuwa wanatupa kompyuta, akaja na moja ile ya kusimama, minara ya zamani, Pentium 4. Akaifunga, akawaambia wapangaji wote leteni picha zenu zitunzwe. Watu wakafurahi. Wiki ya kwanza.

Wiki ya tatu mama mwenye nyumba akaitisha kikao uani. Luku yetu ni moja, tunachangishana, na uniti zilikuwa zinayeyuka kama barafu ya ukwaju.

"Wanangu," akasema, "umeme wa nyumba hii unaliwa na jini?"

Baba wa chumba cha mbele, ambaye haendi kazini bila shati lililonyooka, akajibu hapo hapo: "Mama, jini lipo chumba cha mwisho. Tena linakoroma."

Hakuwa anatania. Ule mnara ulikuwa na feni tatu na diski ya kuzunguka, na usiku ukuta wa matofali ya nchi tano hauzuii kitu. Kijana akajitetea kwamba kompyuta haili umeme kama pasi ya baba mbele. Nusura ngumi zipigwe. Na hapo ndipo mimi, mtoto wa kidato cha nne niliyekuwa nikipenda fizikia kuliko maksi zilizoonyesha, nikaomba niipime.

Hili nakuomba ulishike kwa sababu halina gharama. Mita ya Luku ina kitaa kidogo kinachopepesa. Pembeni yake pameandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh, maana yake kikipepesa mara 1000 uniti moja imekwenda na maji. Soma ya kwako, maana mita zinatofautiana. Tukazima kila kitu nyumba nzima, tukaacha mnara peke yake. Nikahesabu sekunde kwa saa ya simu: kinapepesa, sekunde 36, kinapepesa tena. Kwa mita ya 1000 unachukua 3600 unagawanya kwa sekunde zako. Jibu likaja wati 100. (Kama mita yako imetundikwa juu ya nguzo, usipande. Vipo vidude vya kuchomeka kwenye soketi vinavyosoma wati.)

Wati 100 mtu anaweza kudhani kitu kidogo. Lakini hiyo ni mashine isiyolala. Saa 24 ni uniti 2.4 kwa siku, mwezi wa siku 30 ni uniti 72. Pasi ya wati 1000 ili ifikie hapo lazima ivute moto saa mbili na dakika 24 kila siku bila kupumzika. Baba wa mbele akapiga makofi kama Simba wamefunga.

Na kuna habari mbaya zaidi. Bei za umeme zilizopangwa mwaka 2016 zina daraja la watumiaji wadogo, D1, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao waliwekewa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Daraja la kawaida, T1, ni shilingi 292, ukijumlisha kodi na tozo unafika kama 356. Umeona? Mwenye nyumba yake ndogo aliye kwenye D1 akiwasha mnara kama ule, uniti 72 zimeliwa na kompyuta peke yake. Zimebaki tatu za taa, redio na kuchaji simu. Mwezi hauishi hajavuka mpaka, na akishahamishwa daraja atanunua uniti kwa bei ya karibu mara tatu. Kwetu sisi tulio kwenye T1 ule mnara ulikuwa unakula shilingi 25,600 kwa mwezi. Kwa ajili ya kutunza picha!

Kijana sikumlaumu na simlaumu. Watu wengi huanza na mashine kubwa kwa kuamini kwamba seva lazima iwe na nguvu. Kutunza picha na kuzigawa kwenye simu kumi ni kazi nyepesi mno, hata kompyuta ya miaka 15 inaifanya huku inasinzia. Hiyo kusinzia ndiyo unayolipia. Seva ya nyumbani inakaa bure labda saa 23 kati ya 24, kwa hiyo usiulize ina kasi gani. Uliza ikiwa haifanyi kitu inavuta wati ngapi.

Pentium 4 haijui kusinzia. Zile za mwaka 2004 na 2005 zilikuwa na prosesa ambazo peke yake ziliweza kutoa joto la hadi wati 115, ndiyo maana Intel wenyewe waliachana na mwendo ule na mwaka 2006 wakaja na Core 2. Isitoshe Debian 13, toleo la mwaka 2025 la ile Linux nitakayokutajia, halina tena usakinishaji wa mashine za biti 32, na Pentium 4 nyingi ziko kundi hilo. Kwa hiyo ukipewa bure, shukuru, kisha mpe fundi wa vyuma chakavu.

Tulichofanya ni kuchanga tukanunua laptopu ya mtumba, ThinkPad X220 ya mwaka 2011, kioo kina mstari na kibodi imekufa herufi mbili. Bei ikashuka kwa sababu hizo. Sisi kioo cha nini? Kibodi ya nini? Baada ya kuiweka sawa nikarudia zoezi la mita. Nilikaa pale mpaka mbu wakanizoea: kitaa kinapepesa kila baada ya dakika sita. Wati 10. Taa moja ya chumbani, hizi za LED, ndiyo hiyo hiyo. Uniti 7.2 kwa mwezi, shilingi 2,560 na ushee, ambazo vyumba tisa tukigawana haifiki bei ya andazi na chai.

Siri ya laptopu ni kwamba waliotengeneza walikuwa wanaibania betri. Kila kitu ndani kimebanwa kisile. Na hiyo betri kwa mji wetu ni zawadi, maana umeme ukikatika seva haijui hata kama umekatika. Mnara ukizimika ghafla katikati ya kuandika, diski inaweza kuharibu mafaili. Laptopu inaendelea tu, na unaweza kuipangia kwamba betri ikikaribia kuisha ijizime yenyewe kistaarabu.

Lakini betri hiyo iangalie. Kuchomekwa mwaka mzima ikiwa imejaa asilimia 100, tena kwenye chumba chenye joto la bati, inaivimbisha. Kwenye ThinkPad kuna programu iitwayo TLP ambayo unaiambia ikifika 80 iache kuchaji. Ukikuta betri tayari ina tumbo, itoe, usiibonyeze, usiitoboe. Bora seva isiyo na betri kuliko moto usiku watoto wamelala.

Kama laptopu huipendi, kuna vile visanduku vidogo vya kaunta za mabenki na mapokezi ya hoteli, unavikuta vimefungwa nyuma ya monita. HP t620 ni mfano mzuri. Haina feni kabisa, ukiiweka chini ya kitanda unasahau kama ipo. Ubaya wake haina betri, na mara nyingi diski ya ndani ni ndogo, itabidi uongeze. Laptopu za wacheza gemu zikimbie, kadi zao za picha zinakula hata zikiwa zimekaa.

Turudi kwenye kelele, maana wengi wetu seva na mto wa kulalia vinatenganishwa na hatua mbili. Kelele ina mama na baba, feni na diski. Diski ya kuzunguka ondoa, weka SSD, ile isiyo na kitu kinachotembea ndani. Hapo umemaliza nusu, na umepunguza na umeme juu yake, kwa sababu diski kubwa za kwenye minara zinakula wati tano hadi nane zikizunguka tu. Kwa feni, fungua mfuniko utoe lile blanketi la vumbi kwa brashi kavu ya rangi, halafu safisha ile dawa iliyokauka juu ya prosesa upake mpya. Ya kwetu kabla ya hapo ilikuwa inapiga mluzi. Baada ya hapo feni inasimama kabisa usiku kukipoa.

Mtetemo nao usiudharau. Laptopu ikikaa juu ya kabati tupu, kabati linageuka ngoma. Tulikata kandambili iliyochoka vipande vinne, tukaweka kwenye kona nne chini yake. Kimya. Kanga usikunje ukaweka chini hata kama unaona inapendeza, inaziba tundu za hewa. Iweke chini chini, lakini si sakafuni kabisa, joto linapanda juu na vumbi linakaa chini. Mijusi nao wanapenda joto, kwenye minara wanaingia mpaka ndani ya mtambo wa umeme na huko wanakufa na kompyuta yako. Laptopu haina tundu la kumpitisha mjusi mzima.

Kuweka programu sitakuchosha. Debian ni bure, ilianza mwaka 1993, unaiweka kwenye fleshi na kuanza nayo. Wakati wa kusakinisha ikikuuliza kama unataka mandhari ya dirisha na mapicha, kataa. Seva haihitaji urembo. Kuna faili moja, logind.conf, humo unaandika HandleLidSwitch=ignore ili ukifunga mfuniko isilale. Kisha Samba, programu ya folda za kushirikiana aliyoianzisha Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992 na bado inadunda. Kwenye simu weka programu yoyote ya kunakili picha kwenda folda la Samba, usiku mtu akilala simu inajipakua yenyewe. Waya kutoka rauta kwenda kwenye seva ni bora kuliko hewani.

Wanafunzi wa nyumbani kwetu wao wanaifaidi kwa Kiwix, ambayo inakuwekea Wikipedia ndani ya seva, ya Kiswahili na ya lugha nyingine. Ukishaishusha mara moja, sehemu wenye intaneti nzuri, inasomwa bila mtandao. Filamu pia zinawezekana kwa Jellyfin, ila ziwe za aina ambayo simu yako inaifungua moja kwa moja. Ukiilazimisha seva ya mwaka 2011 kubadili filamu huku unaangalia, feni itaanza kukoroma na tutarudi kwenye kikao.

Jambo linaloweza kuvunja ndoa za watu: kila mtu awe na folda lake na neno lake la siri. Usifanye folda moja la nyumba nzima. Sisemi zaidi, watu wazima mmenielewa. Na aliyeisimamia seva aelewe kuwa kitaalamu anaweza kuona vya wengine, kwa hiyo mchague mtu mwenye kifua. Kwetu wamenichagua mimi, na nimeapa mbele ya mama mwenye nyumba kwamba sichungulii. Nikiulizwa nasema diski nzima ni picha za maharusi.

Mkishazoea kuna mjuaji atawaambia mfungue tundu kwenye rauta ili mzione picha mkiwa kazini. Mkatalieni. Tundu likifunguliwa kwenye mtandao, wezi wa mbali wanaanza kujaribu maneno ya siri usiku na mchana, hawachoki kwa sababu ni mashine zinazofanya. Ukihitaji sana, ipo WireGuard, iliyoingizwa ndani ya Linux yenyewe mwaka 2020, inachimba njia ya siri kati ya simu yako na nyumbani. Sisi hatujaweka. Dada fundi anasema mama yake anamwangalia jioni akirudi, inatosha.

Naam, picha zake. Si zote alizozipata. Baadhi zilikuwa kwa mdogo wake Morogoro, nyingine kwa shangazi ambaye alitumiwa video zamani hakuzifuta, nyingine kwenye memori kadi ya simu ya kitochi iliyokuwa inazunguka kwenye droo. Tulizikusanya mwezi mzima, moja moja. Ya hospitali ilipatikana moja tu, sekunde 40, mama anacheka.

Kwa hiyo hiyo nilikataa ikae sehemu moja. Seva peke yake si akiba, maana laptopu inaibwa, SSD inakufa bila kuaga, na mvua za hapa mjini zinaingia hadi uvunguni. Kila Jumamosi tunachomeka diski ya nje, tunanakili vyote, kisha dada fundi anaibeba kwenye pochi yake Jumapili akienda kwa dada yake Mbagala, anaicha huko na kurudi na ile nyingine. Diski mbili zinapokezana. Na mara moja moja tunafungua mafaili ya kwenye diski ya akiba tuone kama yanafunguka kweli, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuifungua hujui kama unayo.

Ukienda kununua, nenda na fleshi yako yenye Linux, iwashe mashine mbele ya muuzaji, iache dakika 20. Sikiliza feni. Gusa chini kama inachoma. Hiyo diski iliyomo ikaguliwe kwa programu ya smartctl, na ukiona sehemu zilizoharibika zimeshaanza kuhesabika, punguza bei au diski ibaki kwake. Muuzaji atakuringishia kioo na kibodi. Wewe muulize kuhusu adapta, maana hiyo ndiyo itakayowaka mwaka mzima, na adapta za bandia zinanuka plastiki ndani ya saa moja.

Mnara wa Pentium 4 bado upo kwa kijana wa chumba cha mwisho, umezimwa, anawekea sahani juu. Baba wa mbele anaendelea kupiga pasi. Mama mwenye nyumba ana kaseti tatu za video za harusi yake ya mwaka 1991 na ameshaniuliza mara mbili kama nazo zinaingia humo.